Morogoro hadi Ilala: kuzisoma baiskeli kongwe kabla ya kuzipaka rangi

Jumatano: Morogoro – Dar es Salaam

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Uani kwa mzee mmoja wa Ilala kuna banda la mabati lililojaa baiskeli kongwe, nyingine za ajabu kabisa, pamoja na makasha ya taa, kengele, pampu, nembo na vibao vya leseni. Mzee anataka kulifungua kwa wanafunzi wa shule za jirani liwe makumbusho madogo, na kabla ya hapo kila kifaa kiwe na kadi yake. Ndiyo maana akatuita sisi, mafundi wawili kutoka Morogoro. Jina lake na mtaa hatutaji, kwa ombi lake: wanunuzi wa chuma chakavu wamejaa mjini na ukuta wake si mrefu.

Treni ya SGR, daraja la kawaida, shilingi 13,000 kwa mtu. Ukibeba vifaa vya ufundi, panga spana, nyundo na bisibisi kwenye begi moja linalofunguka haraka, maana mashine ya ukaguzi itaviona na utaulizwa ni vya nini. Fika mapema. Njiani hakuna la kusimulia.

Kutoka stesheni hadi Ilala tulikodi bajaji, 5,000 baada ya kupatana. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha madimbwi na foleni ilisimama kabisa karibu na Karume. Dereva alipoona tunalikwepesha begi lisiloane, akavua koti lake la mvua akalifunika. Nauli haikupanda.

Chumba cha kulala 25,000 kwa usiku, feni na chandarua vipo. Wali maharage na mchicha kwa mama lishe wa jirani 2,500. Samaki wa kukaanga anaongeza 2,000.

Alhamisi: Raleigh nyeusi

“Shikamoo mzee.” “Marahaba wanangu, karibuni, ila msiguse kitu mpaka mle.” Chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, kisha banda likafunguliwa.

Ya kwanza ndani ni Phoenix ya Shanghai, inang'aa kama sahani ya harusi. Mpwa wa mzee aliitia msasa hadi kwenye chuma, akaipiga rangi nyekundu ya dawa, akabadilisha rimu na kiti. Kazi safi, mkono wa fundi unaonekana. Ila kadi yake haikuzidi mistari mitatu: karatasi za nembo zimeondoka, namba ya fremu imezibwa na rangi, na hakuna hata sehemu moja inayoonyesha nani aliiendesha wala alibeba nini.

Iliyofuata ni Raleigh nyeusi ya breki za vyuma, ina kutu kila mahali. Hiyo ilimaliza siku nzima.

Anza na namba ya fremu. Kwenye baiskeli za aina hii itafute nyuma ya bomba la kiti, karibu na maungio ya juu, au chini ya sehemu inayopita ekseli ya pedali. Usikwangue. Futa vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi, kisha laza tochi ya simu ubavuni kabisa mwa bomba, si mbele yake. Vivuli vitajaa kwenye mikato ya namba. Ikiwa bado haisomeki, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue penseli laini ikiwa imelazwa. Tarakimu hutokea nyeupe juu ya kijivu. Karatasi hiyohiyo bandika kwenye kadi, ni ushahidi mzuri kuliko picha.

Gia kubwa ya mbele imekatwa vichwa vya korongo, ambayo ni alama ya Raleigh ya Nottingham. Rimu zote ni za inchi 28 kwa 1½. Hapa wengi huchanganya: kuna tairi nyingine inayoandikwa 28 kwa 1⅝, na mtu huona ni karibu sawa. Rimu ya 28 kwa 1½ ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi inapokaa, ile nyingine ni 622. Tofauti ya milimita 13 haivumiliki; tairi ndogo haitaingia, na kubwa kwenye rimu ndogo itaruka ukijaza upepo. Soma namba ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi, usiamini inchi.

Mzee alikuwa ameandikiwa na aliyemuuzia kwamba baiskeli ni ya mwaka 1948. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni Sturmey-Archer AW, ya gia tatu za ndani. Habu hizi huchongwa mwaka na mwezi kwenye gamba lake, na kwa miaka ya hamsini unasoma tarakimu mbili za mwaka pamoja na namba ya mwezi. Baada ya kufuta grisi iliyoganda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, tukasoma 58 na 3: Machi 1958. Je, baiskeli yote ni ya 1958? Hapana, tarehe hiyo ni ya habu tu. Spoki ndizo zilizojibu. Desturi ya baiskeli za Kiingereza za zama hizo ni spoki 32 mbele na 40 nyuma. Habu hii ina matundu 40, lakini rimu ni ya matundu 36, na matundu manne ya habu yako wazi, mawili kila upande. Maana yake gurudumu limefumwa upya na fundi aliyekuwa na rimu moja tu mkononi. Spoki zilizo jirani na matundu matupu zimekaa kwa pembe tofauti, na yeye akazikaza kuliko wenzake ili rimu isiyumbe. Zungusha gurudumu: linakwenda karibu sawa. Kazi hiyo inahitaji sikio. Ukigonga spoki kwa kucha unasikia mlio ukipanda pale kwenye pengo.

Kwa hiyo kadi ikaandikwa: fremu haijathibitishwa mwaka, habu Machi 1958, rimu ya nyuma imebadilishwa hapahapa nchini. Mzee hakufurahi sana kuhusu 1948, lakini kwa fundi wa spoki alicheka.

Kwa atakayetaka kuiendesha gia ya aina hii: weka kibonyezo kwenye gia ya pili, kisha tazama tundu la nati ya ekseli upande wa mnyororo. Ncha ya kijiti kinachovutwa na kicheni kidogo iwe sawasawa na ncha ya ekseli. Kebo ikilegea au kukaza kupita hapo, kuna nafasi kati ya gia ya pili na ya tatu ambapo pedali huzunguka bure bila kushika. Mtu aliyesimama kwenye pedali akipanda mlima huanguka juu ya bomba la fremu, na maumivu yake hayasimuliki mbele za wakwe. Ndani mimina mafuta mepesi kupitia kifuniko kidogo cha gamba. Grisi nzito hunatisha vidole vya ndani vinavyopaswa kuchomoka kwa springi, na hapo gia inaanza kupotea moja moja.

Jioni umeme ulikatika, kazi ikaishia hapo. Kahawa chungu barazani, 200 kikombe, na kashata.

Ijumaa: za ajabu

Kazi ilisimama saa sita kwa ajili ya swala na kuendelea saa nane. Wageni wasio Waislamu wapange ratiba hivyo. Hakuna wa kufungua banda muda huo, na hakuna haja ya kuhimiza.

Baiskeli ya mnoa visu iko katikati ya banda. Wakazi wa Dar wanamjua mnoaji anayepita mitaani akigonga chuma, ila wachache wameinama kuona mashine yake ilivyofungwa. Hii ina stendi pana ya bomba inayoinua gurudumu la nyuma sentimita kama nane kutoka ardhini. Ubavuni mwa gurudumu hilo, kwenye spoki, imefungwa kwa waya rimu ya pili ndogo isiyo na tairi. Kutoka kwenye rimu hiyo mkanda uliokatwa kwenye tyubu ya lori unapanda hadi kwenye puli ndogo ya mbao iliyo juu ya bomba la fremu, mbele ya kiti, na puli imeshikana na jiwe kwenye ekseli moja. Mnoaji anakaa kwenye kiti chake kama kawaida, anakanyaga, jiwe linazunguka mbele ya kifua. Kwa kuwa rimu hiyo ni kubwa kuliko puli, mzunguko mmoja wa gurudumu unakuwa mizunguko mingi ya jiwe.

Vinavyoharibika: mkanda huteleza ukilowa, na dawa yake ni unga wa chaki au kuukata na kuunga upya mfupi zaidi. Jiwe likikaa bila kutumika huku upande mmoja umelowa maji, huwa zito upande huo na baiskeli nzima hutikisika; likaushe wima. Friwili, gia ya nyuma inayoliacha gurudumu lizunguke pedali zikisimama, hulika mapema kuliko kwenye baiskeli ya safari, kwa sababu mnoaji anaanza na kusimama kila dakika. Mzee alitaka mkanda mpya ili mashine ipendeze. Tukamshauri mkanda wa zamani ubaki kwenye puli, na mpya ufungwe siku za maonyesho tu, maana mshono wa ule wa zamani, wa waya wa shaba uliopigwa mishono saba, hauwezi kupatikana dukani.

Karibu na mlango kuna chukudu iliyopita Kigoma ikitokea Goma. Ni ya mbao tupu: ubao mrefu wa kupigia goti na kukanyaga, usukani wa pembe mbili, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu kwa misumari. Haina pedali, dereva anasukuma kwa mguu na kushuka mteremko na magunia ya viazi au mkaa. Wanafunzi wataiona ni ya kizamani, lakini hapo inafaa kadi iwaeleze jambo: gari la magurudumu mawili aliloonyesha Karl Drais mjini Mannheim mwaka 1817 nalo lilikuwa la mbao na la kusukuma kwa miguu. Pedali kwenye gurudumu la mbele zilikuja Paris miaka ya 1860, mnyororo wa nyuma kwa umbo tunalolijua ukaenea na Rover ya John Kemp Starley wa Coventry mwaka 1885, na tairi ya upepo ya Dunlop ikafuata mwaka 1888. Chukudu haikuiga gari la Drais. Mzigo na mteremko vilidai chombo kilekile. Mbao zake zina matundu ya bungua, yenye unga mweupe chini. Unga mpya kila asubuhi maana yake mdudu yu hai: ifungwe kwenye nailoni nzito isiyopitisha hewa, peke yake, na isilale karibu na chukudu au fremu nyingine za mbao.

Kuna baiskeli nyingine ambayo kiti chake hakina ngozi wala springi. Fundi amekunja chuma cha nondo kuwa umbo la pembetatu na kufuma juu yake vipande vya tyubu kama teremka tukaze ya kitanda cha kamba. Ikalie: inanesa vizuri kuliko viti vingi vya dukani. Mikael Pedersen, Mdenmark aliyeishi Dursley huko Uingereza, alipata hataza mwaka 1893 kwa baiskeli aliyoibuni kuzunguka kiti cha kufumwa, kinachoning'inia kati ya mbele na nyuma. Baiskeli za Pedersen leo ziko makumbusho na zinagharimu pesa nyingi. Hii ya Ilala ilikuwa inabebea mkaa.

Guta na baiskeli ya miguu mitatu inayoendeshwa kwa mikono tulizipima tu: urefu, upana, idadi ya meno ya gia, sehemu zilizochomelewa. Kwenye ile ya mikono mnyororo unashuka kutoka mkononi hadi gurudumu la mbele, kwa hiyo gurudumu linalogeuka ndilo linalovutwa, na ukikata kona kali huku unavuta kwa nguvu mnyororo unaruka. Fundi wa hii aliweka kikinga cha bati kuuzuia.

Baiskeli ya Swala ipo moja, ya Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, ya hapahapa Dar. Nembo yake ya karatasi kwenye bomba bado inasomeka nusu. Nembo kama hiyo haiguswi kwa thina wala petroli. Vyote huyeyusha vanishi iliyoishikilia. Pamba yenye maji kidogo sana, ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, na ukiona rangi kwenye pamba, acha.

Jumamosi: Gerezani, Kariakoo na makasha

Mkono wa pedali wa kushoto wa Raleigh unacheza. Kotapini yake, pini inayoufunga mkono huo kwenye ekseli, si ya dukani: imechongwa kwenye kipande cha nondo, mistari ya tupa inaonekana. Chuma cha nondo ni laini, uso wake bapa umeminywa, ndiyo maana kuna mchezo. Ya asili ya Kiingereza ni ya milimita 9.5; madukani kuna za 9 pia, nazo huingia bila ubishi kisha hulegea baada ya siku chache. Nenda na kalipa, kipimo cha unene. Duka la tatu Kariakoo ndilo lililokuwa na saizi, 1,000 kila moja, na muuzaji alikataa pesa ya ile ya ziada aliposikia ni ya makumbusho.

Kuitoa ya zamani: legeza nati mpaka ilingane na ncha ya kotapini, usiitoe kabisa, ili nyuzi zisivimbe. Chini ya mkono wa pedali simamisha bomba zito linalofika sakafuni, kotapini ikiwa juu ya tundu la bomba. Ndipo ugonge, pigo moja la nguvu kuliko kumi ya woga. Ukigonga bila kuegemeza, nguvu yote inashukia gololi za ekseli, nazo zinachimba vishimo kwenye vikombe. Baiskeli itasaga milele. Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani alituazima kibano chake cha kusukumia kotapini, bila rehani, akasema tu kirudi kabla ya magharibi. Kilirudi. Ile ya nondo imewekwa kwenye bahasha na kuandikwa ilikotoka.

Onyo dogo kwa wanaotafuta vikombe vya ekseli au vya usukani: Raleigh ilitumia nyuzi 26 kwa inchi, wakati wengine wengi walifuata 24. Kikombe kisicho chake huingia mizunguko miwili kisha kinagoma. Ukilazimisha kwa spana unaua fremu.

Mchana yalifunguliwa makasha. Taa za kabaidi zilikuwa mbili, moja bado ina majivu meupe ndani. Taa hizi zina chumba cha maji juu na cha kabaidi chini; tone likidondoka hutoa gesi ya asetilini inayowaka, na kinachobaki ni chokaa. Ikiwa kuna mabonge ya kijivu yasiyo unga, huenda ni kabaidi isiyoisha nguvu. Usiioshe. Itoe kavu, nje, mbali na jiko.

Vibao vya leseni ya baiskeli vimetobolewa tundu na kuning'inizwa kwenye waya mmoja, vikigongana. Kila kimoja sasa kina mfuko wake wa karatasi. Si nailoni, maana joto la Dar hutoa jasho ndani ya nailoni na bati linaota kutu kwa wiki. Viti vya ngozi vilikuwa vimepakwa mafuta ya nazi miaka yote; yameganda na kuvuta vumbi na mende. Kitambaa kikavu, kivuli, hewa, basi.

Chakula cha jioni hatukulipa. Mke wa mzee alipika pilau na kachumbari, akauliza kama Morogoro bado kuna maembe.

Jumapili: Posta, kisha kurudi

Asubuhi tulipita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Mtanzania abebe kitambulisho, kiingilio chake ni nafuu kuliko cha mgeni. Tulikwenda kuangalia kadi zao zaidi ya vitu: maneno machache, herufi kubwa, kimo cha macho ya mtoto. Za mzee zilikuwa zimeandikwa ndefu mno, kwa hiyo alasiri zikagawanywa mbili, fupi ya ukutani na ndefu ya daftari.

Kazi moja imeachwa makusudi. Gurudumu la mbele la Raleigh lina Dynohub, dainamo iliyomo ndani ya habu, ya volti 6. Mzee alitaka ifunguliwe ioshwe. Sumaku yake ya duara imekaa pamoja na koili, na ukizitenganisha hivihivi sumaku hupoteza sehemu kubwa ya nguvu, taa haiwaki tena sawasawa hata ukirudisha kila kitu. Inatakiwa pete ya chuma laini yenye kipenyo cha koili: unaiweka juu ya koili na kuisukuma, pete inaingia kadiri koili inavyotoka, sumaku haikai wazi hata kidogo. Fundi mchongaji wa Gerezani amepewa vipimo na malipo ya awali 10,000 kati ya 25,000. Mpaka pete iwe tayari, gurudumu limefungwa gunia na kuandikwa kwa kalamu nzito USIFUNGUE, hasa kwa ajili ya mpwa.